Naumwa, Niende Kazini? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hesabu za siku na mishahara zilizo humu ni za Tanzania Bara, na pale Kenya inapotofautiana imetajwa. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Na. 11 ya 2005, kwa hiyo aliyeajiriwa Unguja au Pemba asizichukue kama zake. Mambo ya magonjwa yenyewe hayana mpaka, ukihara Tanga umehara na Mombasa.

Nina mafua tu. Nayo ni ugonjwa wa kukosa kazi?

Kuna mafua na mafua. Pua inachuruzika, huna homa, chakula kinapita: nenda, funika kikohozi kwa kiwiko, nawa mikono, usisalimiane kwa kushikana kwa siku mbili tatu. Hakuna mwajiri atakayeendesha kazi ikiwa kila pua inayotoka maji inabaki nyumbani.

Influenza ni habari nyingine. Inaingia kwa kishindo: asubuhi ulikuwa mzima, jioni viungo vyote vinauma, baridi inakutetemesha na hutaki hata chai. Mwenye influenza huanza kuambukiza siku moja hivi kabla hajajijua, na huendelea kwa siku tano hadi saba, zile za mwanzo zikiwa mbaya kuliko zote. Kwa bahati mbaya siku hizo za mwanzo ndizo watu wanazojikaza, kisha wanalala siku ya nne, wakati ofisi nzima imeshapata mgao wake. Kama utapumzika siku mbili tu, pumzika mbili za mwanzo. Rudi ukiwa umemaliza saa 24 bila homa, na bila dawa ya kuishusha.

Nikimeza Panadol homa inashuka na najisikia vizuri. Si nimepona?

Hapana. Umezima king'ora, moto unaendelea. Virusi havijali kama kipimajoto kinasoma 37.

Na angalia hesabu ya vidonge. Mtu mzima mwenye afya ya kawaida hatakiwi kuzidisha gramu 4 za paracetamol, dawa iliyo ndani ya Panadol, kwa saa 24, yaani vidonge vinane vya miligramu 500. Dawa nyingi za mafua za dukani tayari zina paracetamol ndani yake. Anayemeza Panadol asubuhi, dawa ya mafua mchana, na "kitu cha kichwa" jioni ili amalize zamu anaweza kuvuka kiwango hicho bila kujua, na anayelipa ni ini lake.

Kujifukiza, tangawizi na limau vinasaidia?

Vinafungua pua na vinafariji koo. Havikuondolei uambukizaji.

Nina malaria. Nitawaambukiza wenzangu?

Hutawaambukiza. Malaria haitoki kwako kwenda kwa jirani wa meza kwa hewa wala kwa kikombe, inahitaji mbu katikati. Dengi ni hivyo hivyo, isipokuwa mbu wake anauma mchana, hata ofisini.

Kwa hiyo swali la malaria halihusu wenzako, linakuhusu wewe na kazi iliyo mikononi mwako. Dawa mseto, ile ALu, ni dozi sita kwa siku tatu. Watu wengi homa huwaachia siku ya pili, wanarudi kazini, wanasahau dozi mbili za mwisho, na wiki chache baadaye wanasema malaria ya siku hizi ni sugu. Kwa karani, kurudi siku ya tatu akiwa na dawa zake mfukoni si jambo baya. Kwa anayepanda kwenye jukwaa la ujenzi, anayeendesha winchi, au anayeshika msumeno, kizunguzungu cha nusu dakika kinatosha kumaliza maisha. Huyo asubiri mwili urudi.

Pima kabla ya kutibu, lakini. Si kila homa ni malaria, na wahudumu wa afya wanalijua hilo kwa uchungu: mlipuko wa Marburg, ugonjwa wa virusi unaoanza kwa homa, mkoani Kagera mwaka 2023 ulimuua pia mhudumu wa afya. Muuguzi mwenye homa wakati kuna mlipuko asijipe jina la ugonjwa mwenyewe na kuingia wodini.

Mimi ni dereva. Nikinywa dawa ya mafua naruhusiwa kuendesha?

Soma karatasi ya dawa, au muulize mfamasia swali moja tu: inaleta usingizi? Piriton, dawa ya mzio, inaleta. Dawa kadhaa za maji za kikohozi zinaleta. Dereva wa basi la mkoani aliyekunywa piriton saa kumi na moja alfajiri hana tofauti kubwa na aliyekunywa kitu kingine, tofauti ni kwamba trafiki hana kipimo cha piriton.

Boda boda hali kadhalika. Zipo dawa za mzio zisizoleta usingizi, kwa mfano loratadine, ziombe kwa jina.

Nafanya kazi jikoni na tumbo linaendesha. Nimwambie bosi au nikae kimya?

Sema, na usiguse chakula. Hapa sitazunguka.

Jikoni ndipo kwenda kazini mgonjwa kunapoacha kuwa suala la ujasiri wako. Kipindupindu, homa ya matumbo, homa ya ini aina ya A, virusi vya norovirus, vyote vinatoka chooni, vinapanda mikononi, na vinaishia kwenye sahani ya mtu ambaye hata jina lako halijui. Mpishi mmoja anayehara katika hoteli yenye wageni 200 anaweza kuwalaza wageni na wafanyakazi wenzake kabla ya wikiendi kwisha. Norovirus ndiyo mbaya zaidi kwa sababu chembe chache mno zinatosha kuambukiza, na vitakasa mikono vya alkoholi haviiwezi sana. Inataka maji yanayotiririka na sabuni.

Kanuni inayofuatwa katika jikoni nyingi za biashara duniani ni saa 48: siku mbili kamili tangu mara ya mwisho kuhara au kutapika, ndipo urudi kwenye chakula. Tangu mara ya mwisho, si tangu uanze. Kwa homa ya matumbo saa 48 hazitoshi, inabidi vipimo vya choo vioneshe kwamba vijidudu vimeondoka. Macho yakiwa ya manjano, ondoka jikoni siku hiyo hiyo na uende ukapime ini.

Kidonda cha mkononi nacho watu hukidharau. Jipu au kidonda chenye usaha hubeba bakteria wa staphylococcus, ambao wakikaa kwenye chakula hutengeneza sumu, na sumu hiyo haifi hata ukikipasha moto tena. Ndiyo maana wali uliopoa, ukashikwa kwa mkono wenye kidonda, ukapashwa "hadi utoke moshi" bado unaweza kuwatapisha watu. Funika kwa plasta isiyopitisha maji na glavu juu yake, au uhamishiwe kazi nyingine: kupanga stoo, kupokea oda, kukaa kaunta ya fedha.

Na hapa nawageukia wenye mahoteli na mama lishe wenye wasaidizi. Mpishi hatakwambia anahara kama kusema kunamkata siku mbili za mshahara. Atanyamaza na atakata kachumbari. Ukimlipa siku hizo mbili umetumia fedha kidogo kuliko chakula cha sherehe moja kitakachorudishwa kwa aibu.

Nina cheti cha afya cha wahudumu wa chakula. Hakinitoshi?

Kinaeleza ulivyokuwa siku uliyopimwa. Wahudumu wa chakula hupimwa kila baada ya miezi sita, na katika miezi sita mtu ana nafasi ya kuugua mara nyingi.

Faida yake kubwa ni kuwanasa wanaobeba vijidudu bila kuumwa. Mfano maarufu ni wa Mary Mallon, mpishi wa New York aliyekuwa na homa ya matumbo mwilini bila dalili yoyote. Alitengwa mwaka 1907, akaachiwa 1910 kwa sharti asipike tena, akakutwa mwaka 1915 anapika katika hospitali ya wazazi kwa jina lingine. Watu humkumbuka kama mkaidi. Mimi namwona pia kama mtu aliyenyang'anywa kazi aliyoijua na kurudishwa kwenye kufua nguo kwa malipo madogo zaidi, kisha wakashangaa alivyorudi kwenye sufuria.

Macho mekundu?

Baki nyumbani hadi macho yaache kutoa maji na tongotongo. Januari 2024 Dar es Salaam na pwani yote ilijifunza jinsi ugonjwa huu unavyopita ofisini: kitasa, kibodi, taulo la chooni, simu ya kuazimana. Usitie dawa ya macho ya jirani, wala maziwa, wala mkojo, wala chai ya rangi. Ndiyo, watu huuliza.

Tetekuwanga kwa mtu mzima?

Nyumbani, mpaka vipele vyote viwe vimekauka na kufanya magamba. Kwa mtu mzima unauma kuliko kwa mtoto, na kwa mjamzito ambaye hajawahi kuugua ni hatari. Kama kazini yupo mjamzito na wewe ulikuwepo jana, mpigie simu msimamizi leo ili huyo dada aende kliniki mapema.

Nakohoa wiki ya tatu sasa lakini sina homa. Naendelea na kazi.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinapimwa kifua kikuu. Hiyo ndiyo taratibu, na vipimo na dawa za TB ni bure katika vituo vya umma Tanzania na Kenya. Ukipungua uzito au ukitokwa jasho usiku, usisubiri hata hizo wiki mbili.

Watu huogopa kupima kwa sababu wanadhani majibu ya TB ni mwisho wa ajira. Matibabu ya TB ya kawaida ni miezi sita, lakini miezi sita hiyo si ya kukaa nyumbani. Ukianza dawa sahihi, uambukizaji hushuka haraka, na mara nyingi baada ya wiki mbili hivi daktari hukuruhusu kurudi kazini huku ukiendelea na dozi. TB sugu ina utaratibu wake na daktari ndiye anayepanga. Aliye hatari kwa chumba ni yule wa wiki ya tatu anayekohoa bila kupima, madirisha yamefungwa kwa sababu ya kiyoyozi. Anayemeza dawa tayari anajulikana na anatibiwa.

Kisheria nina siku ngapi za kuumwa?

Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko mmoja wa likizo. Siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Wengi huishia hapo na kufurahi, hawasomi kwamba mzunguko wa likizo ya ugonjwa ni miezi 36, si 12. Siku 126 ni mfuko wa miaka mitatu. Ukizimaliza mwaka wa kwanza kwa ajali ya pikipiki, miaka miwili iliyobaki sheria haimlazimishi mwajiri kukulipa unapoumwa. Mkataba wa hali bora, ule wa chama cha wafanyakazi na mwajiri, unaweza kukupa zaidi, usome.

Kuna sharti la miezi sita: aliye na chini ya miezi sita kazini kwa ujumla hana likizo ya malipo. Aliyeajiriwa mara kadhaa na mwajiri yule yule ndani ya mwaka, vipindi vikijumlishwa vikavuka miezi sita, anahesabiwa. Waajiri wa mikataba ya miezi mitatu mitatu hawapendi kulitaja hili.

Kenya, kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya 2007: ukimaliza miezi miwili mfululizo kazini, una siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kwa kila miezi 12. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, makubaliano ya chama cha wafanyakazi mara nyingi yanazidi hapo. Ukiweka nchi hizi mbili sambamba utaona Mkenya ana siku chache lakini anazianza mapema, Mtanzania ana nyingi lakini anazisubiri nusu mwaka.

Likizo ya mwaka, zile siku 28 za Tanzania, ni kitu kingine. Mwajiri haruhusiwi kukwambia "umeumwa wiki mbili, basi tumezitoa kwenye likizo yako."

ED, kile cheti cha daktari cha kupumzika kazi, ni lazima? Ya duka la dawa inakubalika?

Bila cheti cha daktari mwajiri halazimiki kulipa siku hizo. ED inatakiwa itoke kwa daktari aliyesajiliwa, au mtoa huduma mwingine ambaye mwajiri amemkubali, na mwajiri naye hana ruhusa ya kumkataa bila sababu ya maana. Muuza duka la dawa hatoi ED. Risiti ya Panadol si ED. Kenya sheria inatambua hata anayesimamia zahanati akiwa anasaini kwa niaba ya daktari, jambo linalowasaidia walio mashambani mbali na hospitali.

ED ya kununua ni njia fupi ya kupoteza kazi. Afisa utumishi huipigia simu hospitali, na kughushi ni kosa la nidhamu zito kuliko kule kukosa siku moja.

Ni lazima nimwambie bosi ninaumwa nini?

Mwajiri ana haki ya kujua huwezi kufanya kazi, na kwa siku ngapi. Jina la ugonjwa ni lako. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ya Tanzania, na Kenya ina sheria yake ya 2019. Kubandika ED ya mtu kwenye ubao wa matangazo au kuisambaza kwenye grupu la WhatsApp ni kosa, hata kama ilikuwa "kwa kumwombea".

Kwa hiari yako unaweza kusema, na kwa magonjwa ya kuambukiza nakushauri useme, ili wenzako wajikinge. Hali ya VVU haipo kwenye kundi hilo: haiambukizwi kwa kufanya kazi pamoja, na sheria za nchi zote mbili zinakataza kumbagua mfanyakazi kwa ajili yake.

Namwandikiaje msimamizi?

Mapema, kabla ya zamu, na kwa ufupi. Kwa mfano:

"Shikamoo mama. Nimeamka na homa na natapika, naenda kituo cha afya asubuhi hii. Leo sitaweza kuingia. Ufunguo wa stoo anao Juma, na oda ya mchele inaingia saa nne. Nitakujulisha daktari atakavyosema na nitatuma ED."

Hakuna kujieleza kurasa mbili, hakuna picha ya drip mkononi. Usimtume mwenzako aseme kwa mdomo, maana akisahau umekuwa mtoro. Miongozo ya Tanzania ya mwaka 2007 kuhusu utendaji mzuri inataja kukosa kazi zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ya kukubalika kuwa ni kosa zito. Ujumbe wa simu wenye saa na tarehe ni ushahidi wako.

Mimi ni kibarua, silipwi nisipofika. Haya yote yananihusu nini?

Hili ndilo swali lenyewe, na majibu mengi ya afya kazini yanalikwepa. Kibarua anayepata shilingi 15,000 kwa siku akilala siku tatu amekosa 45,000, na bado hajalipa dawa wala nauli. Kumwambia "jali afya yako" ni kumcheka. Anakwenda mgonjwa kwa sababu amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi.

Kisheria angalia kwanza kama kweli wewe ni kibarua. Kenya, kifungu cha 37 cha ile Sheria ya Ajira kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo miezi miwili au zaidi anastahili masharti ambayo angeyapata kama asingeajiriwa kama kibarua, likizo ya ugonjwa ikiwemo. Tanzania, kumbuka ile hesabu ya vipindi vinavyojumlishwa. Weka kumbukumbu ya siku ulizofanya: daftari, miamala ya malipo kwenye simu, picha za daftari la mahudhurio. Bila hizo maneno yako yanabaki maneno.

Kwa wanaofanya kazi kwa kundi, wapagazi, wapakuaji, madeiwaka, kinachosaidia kweli ni mfuko wao wenyewe: kila mmoja anaweka kidogo kila wiki, anayelala mgonjwa anapewa chakula cha siku tatu. Hauchukui nafasi ya mwajiri. Unamruhusu mtu mwenye kipindupindu asiingie sokoni.

Dada wa kazi anaumwa. Nifanyeje?

Swali hili huulizwa na watu wanaodai haki zao kazini kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inawaacha nje wanajeshi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Haiwaachi nje wafanyakazi wa majumbani. Kwa hiyo dada aliyemaliza miezi sita kwako ana zile siku 126 kama ulizonazo wewe, na ukimpa nauli ya kurudi kijijini kwa sababu ana homa ya wiki mbili umemwachisha kazi mgonjwa. Mpeleke akapimwe. Akiwa anahara asipike wala asimlishe mtoto, saa 48 zile zile za hotelini. Mpe chumba chenye hewa, mlipe mwezi wake mzima, na usimuulize kila saa kama "bado tu".

Kinachofanya madada wafiche kuumwa ni kwamba wanaishi mahali wanapofanyia kazi: hakuna saa ya kutoka, kitanda chake kiko hatua chache kutoka jikoni, na akilala mchana kila mtu anamwona. Ukimkuta anaosha vyombo huku anatetemeka, usimsifu.

Mwanangu ndiye anayeumwa, si mimi.

Tanzania Bara una angalau siku 4 za malipo katika mzunguko wa likizo kwa ajili ya ugonjwa au kifo cha mtoto, au kifo cha mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu. Hizo nne ni jumla ya yote hayo, na mzunguko ni ule wa miezi 36. Ni chache, hata mtoto mmoja mwenye pumu huzimaliza. Zaidi ya hapo ni makubaliano na mwajiri, bila malipo.

Maumivu ya hedhi yanahesabika?

Sheria ya Tanzania haiyataji peke yake. Yakikuzuia kufanya kazi, daktari anaweza kukupa ED kama kwa ugonjwa mwingine. Jirani zetu wa Zambia wameenda mbali: sheria yao ya ajira ya 2019 inampa mwanamke siku moja kila mwezi bila cheti na bila kutoa sababu.

Kampuni yetu inatoa posho kwa asiyekosa kazi mwezi mzima. Kuna ubaya?

Upo. Mnalipa watu waje wakiwa wanatapika. Mkitaka kutunza nidhamu, mlipeni anayewahi, au anayefikia lengo la uzalishaji, na siku za ED zisimwondolee mtu posho.

Mfanyakazi wangu anaumwa kila Jumatatu. Nimfukuze?

Mwite, mzungumze mkiwa wawili, na rekodi za mahudhurio mezani. Inaweza kuwa pombe. Inaweza pia kuwa kliniki ya kisukari au dawa za kurefusha maisha ambayo hufunguliwa siku hiyo, na hakutaka kusema. Taka ED kwa kila siku, ni haki yako. Kama ni uzembe, ni suala la nidhamu. Kama ni ugonjwa wa kweli, unaangaliwa chanzo chake, ukubwa wake, kama ni wa muda au wa kudumu, na kama ipo kazi nyepesi ya kumpa kabla ya kufikiria kumwachisha.

Nipo ED lakini grupu la kazini linaniita kila dakika.

Kabidhi kazi kwa maandishi, zima sauti ya grupu. Ukijibu ripoti tatu ukiwa kitandani, kesho utaambiwa hukuwa mgonjwa.

Nadhani ugonjwa wenyewe umetokana na kazi.

Basi si likizo ya ugonjwa peke yake. Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaoshughulikia ajali na magonjwa yatokanayo na kazi: mapafu ya mchimbaji, masikio ya anayekaa na mashine, TB ya muuguzi aliyeipata wodini. Mjulishe mwajiri kwa maandishi mapema na mwambie daktari aandike unafanya kazi gani. Cheti kinachosema "kikohozi" bila kutaja vumbi la kiwanda kitakutesa baadaye.

Nimeachishwa kazi kwa sababu niliumwa.

Tanzania Bara, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Siku 30 zinaisha haraka kwa mtu anayejiuguza, na wengi hushindwa hapo, kabla kesi haijasikilizwa. Kwa madai mengine, kama kunyimwa mshahara wa siku za ED, ni siku 60. Beba mkataba au chochote kinachothibitisha ajira, nakala za ED zote, na zile meseji.

Kenya, mwajiri anayetaka kukuachisha kwa kushindwa kazi kiafya lazima kwanza akueleze sababu kwa lugha unayoielewa na akusikilize, ukiwa na mwenzako au mwakilishi wa chama. Asipofanya hivyo, afisa wa kazi au Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ndio mlango.

Nimerudi, lakini nguvu bado. Naona aibu kuomba kazi nyepesi.

Omba kwa maandishi, na muombe daktari aandike kwenye karatasi yenyewe: asinyanyue mizigo wiki mbili, asifanye zamu ya usiku, aruhusiwe kufuata dawa kliniki kila Jumanne asubuhi. Bosi hubishana na mfanyakazi anayesema amechoka. Na daktari aliyeandika "wiki mbili" ni mara chache anabishana naye.